Jiwe Halina Miguu

Kila Januari huwa naiumba dunia upya. Naiumba kwa chaki, mbele ya watoto waliobanana watatu watatu kwenye dawati la wawili, katika shule moja ya sekondari hapa Kambarage, mjini Shinyanga. Wingu la vumbi na gesi linazunguka, linajikusanya, linawaka. Vizito vinazama katikati, vyepesi vinaelea juu, na kabla kengele haijalia ganda limeshapoa na bahari zimeshajaa. Mungu alijipa siku sita. Mimi mtaala umenipa vipindi viwili.

Kwa miaka mingi nilijiona mtu pekee katika mkoa huu anayejua kilichoko chini ya miguu yake. Sababu nilikuwa nazo. Kabla yangu somo la jiografia lilikuwa la bwana mmoja, sasa amestaafu, ambaye alikuwa akiwafasiria wanafunzi kitabu cha Kiingereza kwa msaada wa kamusi na kubahatisha. Kitabu kilisema ganda la dunia limekatika vipande vikubwa vinavyosukumana, "plates" kwa Kiingereza. Yeye akawaambia dunia imekaa juu ya sahani. Nilirithi madaftari yamejaa sahani za maua, moja imechorwa wali na kipande cha nyama, na mtoto mmoja ameandika kwamba tetemeko hutokea sahani zinapogongana kwenye beseni. Nilicheka wiki nzima. Niliyaonyesha madaftari yale kwa kila mtu aliyekuja kunitembelea, hata kwa fundi wa bomba.

Mimi nilifundisha mabamba. Nilipasua yai la kuchemsha mbele yao: ganda, ute, kiini. Niliwaambia ganda la dunia, kwa ukubwa wake, ni jembamba kama hili la yai, na limepasuka, na vipande vyake havijawahi kutulia. Yai lenyewe nililila ofisini baadaye kwa chumvi. Hiyo ndiyo posho pekee ya ualimu ambayo sijawahi kukatwa kodi.

Lakini dharau yangu kubwa nilikuwa nimewawekea wachimbaji. Huku kwetu wamejaa, wanapita na mabegi kwenda Geita na kurudi, na wanaizungumzia dhahabu kana kwamba ni mbuzi aliyekata kamba. Mkigombana inakimbia. Mtu akioga siku mbaya inajificha. Watu wanashuka kila siku ndani ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, mikongwe kuliko mti wowote na mnyama yeyote, halafu wanapanda juu kwenda kumuuliza mganga mwenye suruali ya viraka iko wapi. Ningekuwa naiona dhahabu chini ya ardhi, nisingevaa viraka.

Na kaka yangu alikuwa mmoja wao.

Yeye ndiye mkubwa wetu. Alimaliza darasa la saba akaenda Geita, na ada zangu zote, kuanzia kidato cha kwanza mpaka chuo, zilitoka shimoni mgongoni mwake. Siku niliyohitimu aliacha kuniita jina langu, akaanza kuniita Mwalimu, mbele ya watu na hata tukiwa wawili. Nilikuwa namwamkia shikamoo, naye anaitikia, "Marahaba, Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayefunga mkataba. Nilimpenda sana kaka yangu. Nilimdharau pia, na sikuona shida yoyote kuyabeba yote mawili.

Alichimba kwa ajili ya wenzake zaidi ya miaka ishirini kabla hajapata duara lake mwenyewe. Duara ndivyo wanavyoliita shimo, ingawa mengine ni ya mraba. Lilikuwa duara lake la kwanza na, kwa kikohozi alichokuwa nacho tayari, sote tulijua ni la mwisho. Likitoa, atatoka shimoni na kupumzika. Lisipotoa, atakuwa ametumia mapafu yake yote kumsomesha mtu mmoja tu.

Alinijia Jumamosi moja, nikiwa ofisi ya walimu nasahihisha mitihani. Alikuwa amepanda basi alfajiri, akabadilisha Kahama, na mkononi alikuwa na kitu kizito kimefungwa kwenye gazeti. Aliwasalimia walimu wenzangu mmoja mmoja, akakaa kwenye ncha ya kiti, akanieleza.

Walikuwa wameufuata mwamba. Mwamba kwa wachimbaji si kila jiwe; ni ule mkanda mweupe unaobeba dhahabu, na wa kwake ulikuwa na unene wa kiganja, unashuka vizuri bila matata. Asubuhi moja ukakatika. Haukupungua wala kufifia, ulikatika kama uliopigwa panga. Mbele yake wakakuta udongo wa kijivu, laini kama unga uliotiwa maji, na nyuma ya udongo huo jiwe jeusi tupu. Vijana wake wakasema mwamba umehama. Walitaka mambo mawili: kuchinja kuku mweupe, na kutoboa ubavuni, kufuata mikwaruzo inakoelekea.

"Mikwaruzo gani?" nikamuuliza.

Akafungua gazeti. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa tofali nusu. Upande mmoja ulikuwa laini unang'aa, kama sakafu iliyosuguliwa, na juu yake kulikuwa na mistari myembamba, yote imeelekea upande mmoja. Nililipokea kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na kalamu nyekundu, na sikuona haja ya kuiweka chini.

"Mwalimu," alisema, "wewe ndiye umesoma mambo ya ardhi. Mwamba unaweza kuhama?"

Ofisi ilikuwa na walimu watano, na wote waliinua vichwa. Tungekuwa wawili, huenda ningefikiri. Lakini mtu aliyesoma akipata watazamaji hafikiri, anaigiza.

"Kaka, jiwe halina miguu," nikamwambia. "Uhame uende wapi, Kahama?"

Ofisi ilicheka. Yeye pia alicheka kidogo, kwa adabu. Nikaendelea kumweleza, kwa ule upole tunaoutumia kwa wanafunzi wa mwisho darasani, kwamba mwamba wake umekwisha, kila kitu kina mwisho, na kuku na huko ubavuni ni porojo za aina moja, aachane nazo kabla hazijammaliza. Kuhusu kuku nilikuwa sahihi. Lakini vijana wale walikuwa wamesema mambo mawili, la kwanza wamelitoa kwa mganga na la pili wamelitoa kwenye jiwe kwa macho yao, na mimi niliyatupa yote kwenye karai moja.

Hakubisha. Angebishaje? Alikuwa amelipa miaka yote ile ili katika ukoo wetu awepo mtu wa kuulizwa. Alirudi Geita, akawaambia vijana wake kwamba mtaalamu ameshasema, akaliachia duara. Duara lililoachwa halikai. Mwenye leseni ya eneo humpa mtu mwingine. Kaka akaenda Isaka, akapata kazi ya ulinzi kwenye maegesho ya malori karibu na bandari kavu, kazi ya kuandika namba za magari yanayokwenda Burundi na Rwanda. Jiwe aliliacha mezani kwangu. Mlango wa ofisi yetu ulikuwa na tabia ya kujibamiza kila upepo ukivuma, kwa hiyo nililiweka pale lizuie.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe. Wiki mbili baadaye niliingia kidato cha tatu kufundisha mipasuko ya miamba. Nilichukua chaki za rangi tatu, maana kwenye michoro sina mpinzani. Niliwachorea mkanda mweupe mnene unaoshuka kwenye mwamba mweusi, nikaukata kwa mstari wa mshazari, kisha nikauchora tena upande wa pili, umesogea chini na pembeni. Niliwaeleza kwamba dunia inaposukumwa miamba hupasuka, upande mmoja ukateleza na kuuacha mwingine, na mikanda iliyokuwa kitu kimoja ikapotezana. Niliwaambia kwamba katikati, pale pande mbili zinaposagana, jiwe hugeuka unga, na nyuso zake hubaki laini zenye mikwaruzo inayoonyesha lilikotelezea. Niliyasema yote kwa kichwa, bila kufungua kitabu. Kisha nikatoka, nikalipita jiwe mlangoni, nikaingia kunywa chai.

Hakuna kilichonigutusha. Mabamba nilikuwa nayo kichwani yote, pamoja na mipaka yake. Mwamba mmoja, umeletwa na basi mpaka mezani kwangu, ulinishinda.

Habari zilikuja baada ya miezi michache. Duara lilikuwa limechukuliwa na mama lishe, yule aliyekuwa akiwapikia wachimbaji ugali na maharage pale pale juu ya shimo. Aliwachukua vijana wale wale wa kaka yangu. Walimchinja kuku wao, wakamla bila shaka, kisha wakatoboa ubavuni kufuata mikwaruzo. Hawakwenda mbali, urefu wa chumba cha kulala hivi, wakaukuta ule mkanda mweupe unawasubiri, na unene wake ni ule ule wa kiganja. Mama yule sasa ana nyumba Kahama yenye mabati ya rangi. Kaka ndiye aliyenipigia simu kunieleza, kwa sauti ya kawaida, kama anayenipa habari za mvua. Nilimwambia ni ngekewa. Nikaongeza kwamba sasa watamsifu kuku. Akasema labda, akaniuliza hali ya wanangu.

Alikuja mwisho wa muhula huo, siku yake ya mapumziko, na kikohozi chake. Nilikuwa nyumbani na mrundo wa madaftari ya kidato cha tatu mezani. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai, na niliporudi alikuwa ameshika daftari moja, anafunua kurasa kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Kiingereza hakisomi. Alifunua, akafunua, akasimama.

"Hili ni duara langu," akasema.

Nilimwambia ni somo tu, mchoro wa darasani. Hakunisikia. Aliweka kidole juu ya mkanda mweupe, kidole ambacho kucha yake ilichukuliwa na nyundo zamani, akaanza kushuka nao polepole. Hapa mwamba, akasema. Hapa ule unga wa kijivu. Kidole kikavuka mstari wa mshazari, kikaenda pembeni, kikasimama pale mkanda unapoanza tena.

"Na hapa ndipo yule mama alipoupata," akasema. "Nani amewachorea watoto?"

"Mimi."

"Lini?"

Nilitaka kudanganya. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Kila mwaka," nikasema.

Alilifunga daftari, akalirudisha juu ya mrundo, akalisawazisha na mengine mpaka kingo zikalingana. Kisha akaniomba nimfundishe. Hivyo hasa ndivyo alivyosema, nimfundishe, kama wanavyofundishwa hao. Nikaanza na wingu la vumbi. Nikamweleza moto, ganda, kiini, mabamba, bonde la ufa linalopasuka mashariki yetu na lingine magharibi, na hili pande kongwe la jiwe katikati ambalo Shinyanga na Geita zimekalia. Nikamwambia Afrika yenyewe inasogea, kwa mwendo wa kucha inavyoota. Chai ilipoa. Aliuliza maswali mazuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumpa alama A, na mimi niliyajibu yote, maana majibu sijawahi kuyakosa.

"Kumbe Afrika nzima inahama, Mwalimu," akasema. "Ni mwamba wangu tu ulionyimwa miguu."

Hakusema kwa hasira. Natamani angenitukana. Matusi ningeyajibu, mdomo ninao, kila mtu anajua. Alikunywa chai yake ya baridi mpaka mwisho, akawaaga wanangu, akaenda kituoni kutafuta basi la Isaka. Nilibaki na madaftari yale, na katika kila moja niliukuta ule mchoro, umenakiliwa kwa rula, na mimi mwenyewe nimeuwekea vema nyekundu.

Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nililetewa cha mvunguni mpaka mkononi, na hata shingo sikuinamisha.

Muhula ulipofunguliwa nililitoa jiwe mlangoni. Mlango ukajibamiza, wenzangu wakalalamika, nikawaambia watafute tofali. Nikaingia nalo darasani na kuwapa watoto walipitishe mkono kwa mkono, kila mmoja apapase ule upande laini na kufuata mikwaruzo kwa kidole. Lilizunguka darasa zima. Binti mmoja wa dawati la mbele alikaa nalo muda mrefu kuliko wengine, kisha akauliza limetoka wapi. Nikamwambia Geita, chini kabisa ya duara.

"Aliyelitoa alipata dhahabu, Mwalimu?"

"Hakupata."

"Sasa kwa nini, na alama yote alikuwa nayo mkononi?"

"Alikuwa na dada msomi," nikamjibu.

Darasa zima likaangua kicheko, wakadhani ni utani wangu wa kawaida. Niliwaacha wacheke, nikageukia ubao kuandika tarehe.