Jimu ya Hatibu wa Kihonda

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, katika ile miaka ambayo mali za umma zilikuwa zikipigwa mnada moja baada ya nyingine, Hatibu alirudi nyumbani Kihonda na mikono isiyojua kutulia. Alikuwa fundi mitambo. Alikwenda sokoni akarudi, akapanda kwao Kinole milimani akashuka, akang'oa mlango wa jiko uliokuwa mzima akaupachika upya. Mkewe, Chausiku, aliwaambia jirani zake kuwa afadhali angeolewa na mlevi, kwa kuwa mlevi hulala.

Ndipo alipochukua ghala tupu la Mzee Mansuri, mfanyabiashara aliyekuwa amerejea kutoka Dar es Salaam, akaligeuza kuwa jimu, ukumbi wa kunyanyulia vyuma. Vyuma alivitengeneza mwenyewe: ekseli za malori mabovu, zenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji kila upande. Ada ya mwezi ilikuwa ndogo kuliko bei ya kuku, nayo waligawana na Mansuri badala ya kodi. Walijiandikisha walimu waliotishwa na daktari kwa habari za presha, makarani wenye vitambi, na vijana waliotaka vifua. Ghala lilitosha watu ishirini tu. Waliolipa walikuwa mara tatu ya hao.

Hatibu alipoonyesha wasiwasi kuhusu nafasi, Mansuri alimwelimisha kwa upole.

"Anayelipa kidogo haoni uchungu. Kila siku anasema ataanza wiki ijayo. Huyo ndiye anayetulisha, Hatibu. Usimguse."

Hesabu aliielewa. Lakini huko Kinole alikokulia, mtu asiyeonekana asubuhi kwenye njia ya shamba huendewa kujuliwa hali kabla jua halijawa kali. Basi Hatibu alipanda baiskeli yake, akawaendea wasiokuja, nyumba kwa nyumba, akiwauliza kama kuna ugonjwa au msiba. Karani Petro, aliyekutwa akila chapati, aliona haya, akaja kesho yake. Wengine nao wakaja. Baada ya muda watu walikuwa wakipanga foleni kusubiri ekseli moja, wakikanyagana na kununiana, na waliochoshwa na msongamano wakaacha kulipa.

Mansuri alimwita. Kama mapato yangeendelea kushuka, ghala angewapa wauza mitumba. Ahadi aliyoitaka ilikuwa moja tu, kwamba baiskeli ile isionekane tena milangoni mwa watu.

Hatibu aliahidi. Akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa, akakaza nati zilizokaza. Kisha Mwalimu Stefano, mstaafu aliyekuwa wa kwanza kufika kila alfajiri, hakuonekana wiki nzima. Chausiku alimwona mumewe akiitoa baiskeli uani, akiirudisha, akiitoa tena. Siku ya Jumapili hakuirudisha.

Alimkuta Mwalimu barazani, mzima wa afya, akimenya chungwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa," Mwalimu alisema bila kuinua macho. "Petro ulimfuata siku ya pili tu. Mimi mafua yaliniisha tangu Jumatano, nimekaa hapa nikijiuliza nimekukosea nini."

Hatibu akamweleza yote aliyoambiwa na Mansuri. Mwalimu alicheka hadi akapaliwa na chungwa.

"Kwa hiyo nikifa nikiwa nimelipa, ninyi ndio mnaopata faida."

Hatibu hakucheka. Kutoka hapo alipitia nyumba nyingine nne, na mwisho wa mwezi ghala likawa la mitumba.

Vyuma alivihamishia uani kwake. Uwanja ulitosha watu wanane, basi akawagawa kwa zamu kama walivyofanya kiwandani: alfajiri, adhuhuri na jioni, kila zamu ikiitwa kwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni. Aliyekosa zamu yake alijulikana papo hapo. Ada ilitosha unga na daftari za watoto, haikutosha bati jipya. Baina ya zamu Chausiku alianika nguo kwenye ekseli, na walimu walizoea kuondoa kanga kwanza ndipo wanyanyue.

Jioni moja, zamu ya mwisho ilipokwisha, Chausiku alitenga ugali akamkuta mumewe akijaza upepo gurudumu. Hatibu alisema Petro hajaonekana tangu jana.

"Kula kwanza, baba Sharifa. Petro hakimbii."

Hatibu alinawa, akala akiwa amesimama.