Nilichagua Injini kwa Maringo, Mutua Akalipa kwa Vidole

Makosa ni yangu. Naanza hapo ili mtu asiseme nimejificha nyuma ya Kasuku, yule muuza injini. Zamu ya Kasuku inakuja, asijali.

Nilikuwa ndani ya lile bwawa lililo chini ya Kibera, tope limenifika kidevuni. Nasema tope kwa heshima tu. Mnaokaa huku mnajua ni nini huteremka mpaka pale. Rafiki yangu Mutua alikuwa amening'inia shingoni mwangu kwa mkono mmoja. Ule mwingine ameuinua juu, na damu ilikuwa inamwagika kama bomba lililopasuka. Boti yetu imepinduka. Na kando yetu, juu ya magugu maji, bata wametulia wanatutazama kama wamelipa tikiti.

"Ogelea basi, Janam!" Mutua alinipigia kelele sikioni. Janam ndilo jina alilonipa, yaani mtu wa ziwa. "Ogelea tutoke!"

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Kuogelea."

Halafu akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu. "Na injini je?"

"Hata injini sijui, Mutua."

Jameni! Hapo ndipo nilipotamani lile tope linimeze kabisa.

Wacha nirudi nyuma.

Mimi nauza viatu vya mitumba soko la Toi. Mutua ni fundi wa nguo, cherehani yake iko ubavuni mwa meza yangu. Yeye ni wa Kitui. Mimi natoka upande wa ziwa. Upande tu! Kwetu ni milimani. Ziwa tulikuwa tunaliona kwa mbali likimeta kama bati jipya, basi. Boti sikuwahi kupanda. Samaki mkubwa wa kwanza kumla, nilimlia hapa hapa Kibera.

Lakini Nairobi ukisema umetoka upande ule, watu wanakupa ziwa lote na mitumbwi yake. Mama Brayo anayetuuzia chai ndiye alianza. "Kapteni, leo mandazi ama nikutafutie omena, dagaa wa kwenu ziwani?" Ningemwambia siku ile, mama, mimi hata beseni likijaa linanitisha, haya yote hayangetokea. Lakini lile jina lilikuwa tamu! Nikaanza kuongeza chumvi. Nikawaambia nimevuka mawimbi gizani bila taa. Nikawaambia nimepigana na kiboko. Kiboko! Mimi ambaye nimewahi kukimbizwa na mbuzi hapo Kambi Muru watu wakiona.

Sasa tuje kwa bata. Mvua kubwa ilibomoa mabanda ya watu wanaofuga kando ya mto, bata wakabebwa mpaka bwawani. Wenyewe wakawalilia, wakachoka, wakanyamaza. Bata wao hawakulia. Walikula, wakanona, wakazaana ndani ya magugu mpaka wakawa bata wa mwitu, ukiwakaribia wanaruka. Ukipita pale unasikia nyama inakuita.

Ni mimi nilimwambia Mutua tukawawinde. Tulishapanga mpaka kibanda cha bata choma. Mutua akauza ile cherehani yake ya pili, ile ya kufunga mapindo, tupate mtaji. Nilimwona akiipangusa vumbi kabla ya kuitoa, kama mtu anayemwosha mtoto uso akienda shule. Nikaangalia kando.

Boti tulitengenezewa ya mbao na mitungi ya plastiki, chini iko bapa kama sinia, kwa sababu bwawa limejaa matope na maji yake ni ya goti, mahali pengine kiuno, mahali pengine Mungu ndiye ajuaye.

"Si tusukume na mti tu?" Mutua akauliza.

"Mti? Mutua, bata ana mabawa, wewe una mti? Tunataka injini. Haya mambo niachie."

Niachie! Hilo neno moja.

Tukaenda Kawangware kwa huyo Kasuku. Tumbo mbele, jino la dhahabu, mdomo haufungi hata akimeza. Anauza injini za kila aina, za pampu, za pikipiki, na za vitu ambavyo hata mwenyewe havijui. Alikuwa na mbili za boti. Ya kwanza ilikuwa mbaya, lo! Injini ya pampu ya maji imechomelewa bomba refu, na huko mwisho kabisa ndiko propela iliko, ile feni ya kusukuma maji. Unaishika kama mkia. Ukiona magugu unainyanyua, unapita, unairudisha.

Ya pili ilikuwa nyeupe, inang'aa, mguu wake umesimama wima kwenda chini ndani ya maji. Kama zile za kwenye picha.

"Hii ya mkia ni ya nini?" Mutua akauliza.

"Hiyo ni ya maji mafupi, maji ya takataka," Kasuku akasema. "Lakini hiyo ni ya watu hivi hivi. Huyu si mtu wa ziwa? Mtu wa ziwa utampa mkia wa panya?"

Mutua akanitazama. Na mimi nilikuwa nimeshajiona nikipita bwawani na ile nyeupe, Kibera nzima imesimama kando.

"Tunachukua nyeupe," nikasema.

"Gia yake iko sawa?" Mutua hakuchoka kuuliza. Huyo ni fundi, kitu chochote chenye sindano ama gurudumu lazima akiulize maswali.

Kasuku akanigeukia. "Kapteni mwenyewe ameshakagua. Ama vipi, Kapteni?"

Nikaitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama daktari. Sikuwa nimekagua kitu. Gia sikujua hata iko wapi! Lakini ningeuliza, ningejulikana.

Tuliingia bwawani Jumapili watu wakitoka kanisani. Huo pia ulikuwa mpango wangu, ili tuonwe. Tulionwa sana. Hatukuenda mbali, ule mguu mrefu ukazoa magugu, ukazoa makaratasi ya plastiki, ukazoa na suruali ya mtu. Injini ikazima. Bata hawakuruka hata. Waliona hakuna haja.

Mutua akainama nyuma, akatia mkono majini, akaanza kufumua ule uchafu kwenye propela. Vidole vyake vinajua kufumua, ndiyo kazi yao. "Ngoja kwanza, Janam. Imebaki kidogo."

Na kule kando wameanza.

"Kapteni! Hiyo ni meli ama ni sinia?"

"Waambie bata wawasukume!"

Mama Brayo naye, kitambaa cha kanisa kichwani, anacheka mpaka anashika magoti. "Kapteni, tuonyeshe mambo ya ziwa!"

Masikio yaliniwaka moto. Nilijiambia, wacha injini ingurume tu, watanyamaza.

Mutua alisema ngoja. Nilimsikia. Sitadanganya kwamba sikusikia.

Nikavuta kamba.

Ile propela ilizunguka papo hapo. Haikungoja gia, haikungoja mtu. Mutua alitoa sauti ambayo bado naisikia nikiwa sokoni mchana kweupe. Boti ikaruka mbele, ikapinduka, na hayo mengine nimewaeleza. Fundi mmoja wa kupaka nyumba rangi ndiye alitulazia ngazi yake juu ya magugu tukavutwa. Mama Brayo aliyekuwa anacheka ndiye alivua leso yake akamfunga mkono, huku ananitusi matusi ambayo hayatoki kwenye kitabu cha nyimbo.

Vidole viwili vilienda. Cha tatu kipo lakini hakikunjiki. Mkono wa kulia. Fundi wa nguo!

Injini ilipotolewa na kuoshwa, rangi ikabanduka. Ndipo tukaona. Gia ilikuwa imefungwa kwa waya, imekazwa mbele, haiwezi kutoka pale. Ukivuta kamba tu, propela inakata. Na ule waya ulikuwa umepakwa rangi nyeupe juu yake, vizuri, usionekane.

Nikampigia Kasuku. "Kapteni," akaniambia, "si ulikagua mwenyewe?" Akakata. Nikaenda Kawangware, nikakuta kufuli. Majirani wanasema siku hizi anauza friji, hawajui wapi.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kufungua viatu vyangu, nakaa kwa Mutua. Namtilia uzi kwenye sindano. Namshikia kitambaa akikata. Wateja wanamwuliza huyu ni nani, anasema ni jirani. Hanitukani. Afadhali angenitukana! Lakini haniiti tena Janam. Ananiita kwa jina langu la kitambulisho, kama askari anayeandika ripoti. Hilo linanikata kuliko ile propela.

Wewe unayetafuta injini ndogo ya maji mafupi, chukua ile mbaya, ile ya mkia. Ikague bila aibu. Uliza gia iko wapi hata wakicheka. Na watu wakikupa ujuzi ambao huna, warudishie siku hiyo hiyo, kabla rafiki yako hajauamini akatia mkono majini.

Mimi nimejibu langu mbele ya watu. Niliambiwa ngoja, sikungoja. Sasa wewe, Kasuku mwenye jino la dhahabu, najua kuna mtu atakusomea haya. Friji zako sizitaki. Njoo Toi, ukae kwenye kiti ninachokalia, utie uzi kwenye sindano mbele ya Mutua, halafu umjibu swali moja tu. Ule waya, ni nani aliupaka rangi?