Betri Sita za Chausiku

Saa tisa alasiri, ufukweni mwa ziwa, Gatete, Chausiku anagusisha nyaya mbili za kipimo cha umeme kwenye betri ya gari na kusoma kwa sauti: "Kumi na mbili nukta saba. Imejaa. Uone wewe mwenyewe, baba."

Mvuvi anainama, anaona. Chausiku anaandika namba hiyo kwa chaki ubavuni mwa betri, na mvuvi anaibeba begani kwenda mtumbwini. Bila betri hakuna taa, na bila taa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, hawaji juu.

Mama huyu wa watoto watatu huchaji betri za wavuvi kwa paneli nne za sola zilizolala juu ya bati. Benchi lake lina nafasi sita. Ya mvuvi huyu imeondoka na nyingine ya foleni imewekwa, lakini bado ziko tano tu.

Hadi mwaka jana, yeye na jirani yake Nestori, naye mchaji betri, walipanga bei wapendavyo. Ilipofika faranga elfu tano, komite ya wavuvi ikaja juu: kuchaji betri moja elfu tatu, basi. Wavuvi walishangilia.

Lakini komite ilipanga bei ya betri, haikusema ijae kiasi gani. Jua la siku moja linajaza betri sita. Ukizitoa zikiwa zimejaa nusu, linatosha kumi na mbili. Nestori akaanza kuzitoa nusu. Kwake hakuna foleni, wateja wakahamia huko.

"Mimi si mwizi," anasema Nestori, bila kukasirika. "Walinikatia bei, na mimi nikakata umeme. Kwa elfu tatu, bateri yenye kujaa inanipa hasara."

Na Chausiku? Anachezea chaki kwanza. "Na mimi nilifanya. Wiki moja nzima. Wateja walikuwa wanaisha, nikasema nitawapa nusu kama mwenzangu."

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya saba taa ya shemeji yake, Hamidu, ilizimika katikati ya ziwa, samaki wakiwa wameshakusanyika chini yake. Watu watano walirudi na ndoo tupu. Hamidu hakugomba. Alisema tu, "Shemeji, sisi tulikuamini," akaipeleka betri yake kwa Nestori. Kule angalau anajua kwamba anapewa nusu.

"Hiyo aibu iko ndani yangu mpaka leo," anasema Chausiku.

Ndipo akanunua kipimo. Wengi wanamsifu, kisha wanakwenda kusiko na foleni. Hali ikibaki hivi, mvua zikianza na jua likipungua, atafunga.

Jumamosi komite inakutana. Chausiku ataomba bei ifuate kipimo: iliyojaa elfu nne, ya nusu elfu mbili, na kila mwenye kuchaji apime mbele ya mteja.

"Wataniuliza ni nani anatoa bateri nusu. Nitaanza na zangu. Na Hamidu iko mumoja wa komite, atanisikia."

Anaogopa?

"Sana. Lakini nikificha yangu, nitakuwa nimeenda kumusema Nestori tu."

Mvuvi mwingine anafika na kutaka kuweka betri yake kwenye nafasi iliyo wazi. Chausiku anamwomba arudi kesho. Kibiashara hilo ni kosa, na analijua.

"Murakoze, asante baba, munisamehe. Hapo iko pa shemeji," anasema, akipangusa vumbi mahali patupu. "Siku akiileta, nitaipima mara mbili."