Sweta ya Kumkamulia Kairu

Julai ikiingia, niliamshwa na harufu ya moshi wa kuni mbichi uliochanganyika na mvuke wa ng'ombe. Boma letu lilikuwa kwenye mteremko nyuma ya mtaa wa Mountain View, na baridi ya pale, weh, ilikuwa ya kutoboa mifupa. Majirani waliwavisha magunia ng'ombe wao wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, na bado ng'ombe hao walikohoa. Kairu, ng'ombe wa nyanya yangu, mweusi, mfupi, mwenye nundu, alisimama kwenye ukungu akicheua bila wasiwasi. Maziwa yake yalikuwa machache lakini mazito. Kila Baba alipowasifia ng'ombe wa gredi, Cucu, ndivyo tulivyomwita nyanya, alimkumbusha asiache mbachao kwa msala upitao. Ila Kairu alikuwa na kiburi chake: hakuteremsha maziwa kwa mtu mwingine isipokuwa Cucu.

Nikiwa darasa la tatu, Cucu alishikwa na kifua, akalazwa hospitalini. Mama alijaribu kukamua, akapigwa teke, ndoo ikabingirika. Akabembeleza, akapaka mafuta, akaweka pumba tamu mbele yake, wapi! Kiwele kilivimba kikawa kigumu, na Baba akachoka. "Hii ng'ombe Jumamosi inaenda kwa bucha," alisema, "kabla haijatuharibikia hapa." Kairu alikuwa kitukuu cha ng'ombe ambaye Cucu alipewa na mama yake mzazi. Sote tulijua kwamba Cucu akirudi akute zizi tupu, kifua kile hakitapona. Nilijificha kwenye majani marefu ya napia tuliyowalishia ng'ombe nikalia mpaka nikashikwa na mafua.

Ijumaa jioni Mama alivaa sweta ya Cucu, ile ya zambarau iliyonuka moshi na ugoro, akajifunga kitambaa chake kichwani, akaingia zizini akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani ambao Cucu aliuimba kila alipokamua. Kairu alinusa mkono wa sweta, akanusa tena. Kisha tukasikia maziwa yakipiga ndoo. Mama alikamua huku machozi yanamtoka, na habari za bucha zikaishia hapo.

Cucu aliporudi, amekonda, hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja zizini. Kairu alimnusa, akarudi nyuma. Cucu alinuka dawa na sabuni ya hospitali. "Ngai! Kwani mimi nimekuwa mgeni kwako?" Cucu aliuliza, akijaribu kucheka. Mama alivua ile sweta akamvisha, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama mtoto. Cucu akavuta kigoda, akakamua.

Siku hizi mteremko ule umejaa maghorofa, nami nimepanga katika mojawapo. Cucu alishatangulia, na Mama akamfuata. Nikitoka kazini mjini napitia duka lenye mashine ya maziwa, natumbukiza sarafu, chupa inajaa. Ni maziwa mazuri, sina lawama. Lakini mashine haijui nani ni nani, humpa yeyote. Na kuna jioni nasimama mbele yake na chupa yangu mkononi, nikitamani, jamani, kukataliwa.