Chungu cha Chai Nyuma ya Kibanda cha Viatu

Mara ya kwanza kuwaona wazee wale nilitamani kuwamwagia maji. Ilikuwa Jumapili alasiri, miaka ya hamsini, nami nimetoka kanisani nikakatiza nyuma ya kibanda cha fundi viatu ili nifike upesi kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, nilikoishi na baba hapo Nakuru. Wazee sita walikuwa wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija mrefu mdomoni, vile kwetu wanaume wanavyokunywa busaa, pombe ya nafaka. Baba alikuwa amelala nyumbani na viatu miguuni tangu jana yake, na mimi sikuwa na subira na mlevi yeyote katika mji ule.

Mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa. Niliwaambia waone haya, wake zao wanalima mashambani na wao wamekaa hapa wananyonya mishahara. Fundi viatu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji, hakukasirika. Alinisogezea mrija akaniomba nionje kwanza, halafu nimalizie matusi.

Ilikuwa chai. Chai ya maziwa, imeachwa ipoe ili isiunguze midomo. Nikakosa pa kuuweka uso wangu.

Walinieleza huku wakinicheka. Wote walikuwa wameacha pombe, au walikuwa wakijaribu. Kila mmoja alikuwa amewahi kuacha peke yake akashindwa, kwa sababu mwanamume akitoka kwenye chungu ametoka pia kwa wenzake, anabaki chumbani akitazama ukuta. Kilichowarudisha kilabuni kilikuwa upweke kuliko kiu. Ndipo fundi viatu akafikiria kubakiza chungu na kubadilisha kilichomo. Walianza na uji, mirija ikaziba, wakavuta mpaka mashavu yakawauma.

Kumpeleka baba ilikuwa kazi nyingine. Alifanya kazi karakana ya reli na mikono yake ilisifiwa, ila akianza kunywa hakujua pa kukomea. Mama alikuwa kijijini akitunza shamba, nami nilikuja kumpikia baba huku nikijifunza ushonaji. Nilipomweleza habari za kile chungu alisema yeye si mtoto wa kunyonya chai. Nikamjibu kwamba posa yangu imeshaletwa, wakwe watakuja kuzungumza mahari, na siku hiyo sitaki kumtafuta baba yangu mtaroni. Jumapili iliyofuata nikamwona anavaa koti.

Wanawake hatukukaribishwa kwenye duara lile. Nilikaa upande wa pili wa kibanda nikishona matundu ya vifungo, masikio yote kwao. Anayetaka kusema alitoa mrija mdomoni, akasimulia wiki yake ilivyokwenda. Wengine waliendelea kuvuta, na mtu mwenye mrija mdomoni hawezi kumkatiza mwenzake. Baba alikaa majuma mengi bila neno. Siku aliyotoa mrija, alisema anaogopa siku ya mshahara kuliko kitu chochote, kisha akalia. Baadaye alianguka tena kwenye pombe mara moja, akarudi ameinamisha kichwa, na wenzake wakasogea tu apate nafasi. Mimi nilijivuna kumwona akirudi kuliko nilivyojivuna siku ya kwanza.

Wakwe walikuja, naye baba mkubwa akafika kutoka kijijini kuongoza mazungumzo. Busaa aliileta yeye, hakuna aliyemtuma. Ng'ombe walipokubaliwa, chungu kikawekwa katikati. Desturi ya kwetu ni kwamba baba wa binti anavuta kwanza, na akishavuta, binti ametolewa.

Baba alisema ameacha pombe.

“Usipovuta wewe, hujamtoa mtoto,” baba mkubwa akasema, akamwekea mrija mkononi.

Wageni wakaanza kutazamana. Baba akageuka, akanitafuta kwa macho pale mlangoni nilikosimama na sinia.

“Mwanangu, ndoa ni yako. Ukisema nivute, nitavuta mara moja tu.”

Nilimpenda yule kijana aliyeniposa, na sitaki kudanganya, nilimtaka sana. Lakini nilijua vilevile kwamba kwa baba hakuna mara moja tu. Msichana hasemi kitu mbele ya wakwe siku kama ile.

“Usivute, baba,” nikasema.

Baba mkubwa alinitazama kana kwamba nimeivunja nyumba. Baba akaulaza mrija kando ya chungu, taratibu. Akawageukia wageni.

“Mmemsikia. Mkimchukua, mnamchukua na mdomo wake. Na mimi ndiye niliyemzaa.”

Alisema hivyo kifua mbele, kama mtu anayetaja cheo chake. Nikajiambia basi, imekwisha, nitabaki na cherehani yangu. Kisha baba wa yule kijana akaukataa mrija ambao naye alikuwa amepewa. Alisema baba aliyemuuliza binti yake mbele ya watu, akamsikia na kumtii, amekwisha kumtoa vizuri kuliko wanaovuta.

Nilirudi jikoni nikalia kwa sauti, na walioniuliza ninalia nini niliwaambia kwamba yule wanayemwona pale ni baba yangu.