Waliokataa Kuwekwa Nyuma

Wasomaji wangu, juma hili tumemzika mwanamke mmoja mcheza dansi kijijini kwake Buraza, na tangu nitoke makaburini nina kinyaa kisichoniacha. Homa ya mapafu ilimmaliza hospitalini Gitega. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, polio ikampooza mguu angali mtoto, na amani ilipopatikana akarudi na wazazi wake, akitembea kwa magongo. Alikusanya wanawake wenzake, wenye ulemavu na wasio nao, akaunda kikundi cha dansi.

Dansi yao kubwa ilitokana na hadithi ya kale ya Wagiriki: mji umeteketezwa, waume wameuawa, wanawake wanangoja kugawanywa kwa washindi. Nilimuuliza kwa nini ahangaike na mambo ya mbali hivyo. Akacheka. "Dada yangu, mbali wapi? Sisi tumekaa chini na mabunda yetu, tukingoja kuambiwa tupande lori lipi." Katika hadithi ya zamani wanawake hulia, kisha huchukuliwa mmoja mmoja. Katika dansi yake, askari akimshika mmoja, wote humwangukia mwenzao na kushikamana naye, na pale sakafuni huwezi kujua mguu upi umepooza na upi mzima.

Nilikuwapo walipoicheza Muyinga, kwenye sherehe ya amani. Kabla hawajaanza, bwana mmoja mwandalizi alimwita kando. "Bon, mama, dansi iko muzuri. Lakini hawa vilema, we uwaweke nyuma. Wageni wanakuja kufurahi." Akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, hata mimi ni mmoja wao. Nikikaa nyuma, nani ataongoza?" Wakaanza kama walivyozoea, yeye mbele. Bwana yule akaamuru muziki uzimwe. Wachezaji wakasita, isipokuwa mmoja, mama asiyesikia, ambaye hakujua kwamba muziki umekatwa. Yeye aliendelea kupiga sakafu kwa kiganja, na wenzake wakamfuata mpaka mbao zikatetemeka. Walinzi walipokuja kumwondoa kiongozi, wote wakamlalia, wasiweze kunyanyuliwa. Dansi ikaisha kama ilivyotungwa. Wageni wa mbele walikuwa wameshaondoka; walioshangilia ni wachuuzi waliosimama mlangoni.

Hawakualikwa tena popote, na ukumbi waliofanyia mazoezi Gitega ukafungwa kwao. Wakahamia uani kwake Buraza, kwenye vumbi na mvua, hadi alipougua.

Na mazishini, nani alisimama kumsifu? Bwana yuleyule. Alimwita "mama yetu wa amani" na kupangusa jicho kavu. Kisha akawaomba wale wanawake wacheze kidogo, wageni waone. Mmoja wao akamjibu bila kuinua sauti, "Mzee, leo tunalia. Kucheza tutacheza kwetu."

Tunaimba kwamba tumerudi nyumbani, lakini wapo wanaotaka kutupanga bado: huyu aonekane, huyu afichwe, na akishafariki apambwe. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tumezoea kukipa kiti na kipaza sauti. Nilichojifunza Buraza ni hiki: sifa za kaburini hazimfikii marehemu. Humrudia msemaji na kumsafisha mbele za watu. Basi tukisimama makaburini, tumuulize kila msifuji alikuwa wapi yule mtu alipokuwa hai, na kama hana jibu, tusimwitikie amina.