Krimu au Kijani

Juzi nilipaka mabaka mawili kwenye ukuta wa chumba changu, krimu na kijani, na mpaka leo nimeshindwa kuchagua. Nakiri, woga huu wa kukosea ni wa zamani.

Nilipokuwa mtoto, wanajeshi walimpiga baba sebuleni, katika fleti yetu ya Bugolobi, wakaondoka naye. Alasiri iliyofuata mama alijaribu rangi hizo hizo mbili juu ya doa la damu ukutani, na harufu ya rangi ikatuchoma pua. Kwetu Waislamu nyumba hupakwa rangi sikukuu ikikaribia, kwa hiyo nilifurahi.

"Bibi yako anakuja kesho," mama alisema. "Tutamwambia kwamba baba amesafiri. Gani inafunika vizuri?"

"Krimu! Hiyo ya kijani ni kama ya kambini."

Chini ya krimu doa lilionekana kwa mbali. Nililiona, nikanyamaza, maana krimu ilipendeza. Macho ya mama yalikuwa yamevimba, akayaamini yangu.

Kesho yake Bibi aliweka kiganja ukutani, palepale penye doa, akaomba mkeka, akaanza kusoma Yasini. Mama akaangua kilio. Nilidhani analia kwa sababu nilichagua rangi mbaya. Sasa najua Yasini husomewa maiti, lakini bado sijaacha kudhani ilikuwa ile rangi.